Fundi Hajanipima

Msinitake nilitaje jina la nchi yetu. Si kwamba naogopa. Jina limeondolewa kwa muda ili lifanyiwe ukarabati, na Serikali imetuomba tuwe wavumilivu. Mabango ya mipakani yameandikwa "Karibuni" basi, na mgeni akiuliza anakaribishwa wapi huambiwa asubiri tangazo. Mimi ni raia mtiifu, nami nasubiri.

Katika nchi hiyo nilikuwa na kazi. Nilikuwa Msaidizi Mwandamizi katika Idara ya Kupokea na Kutunza Malalamiko ya Wananchi. Wananchi walileta malalamiko, sisi tukayapokea kwa mikono miwili, tukayafunga kamba, tukayapandisha rafuni. Wenye midomo yao walisema hatuyashughulikii. Waongo hao. Kila Ijumaa tuliyapangusa vumbi.

Jina langu ni Chaurembo. Meza yangu ilitazamana na meza ya Bi Mwantumu, ambaye ni mtani wangu. Mimi ni mtu wa Bondeni, yeye ni mtu wa Mlimani, na tangu mababu zetu walipochoka kupigana, watu wa pande hizi mbili wameruhusiwa kutukanana badala yake. Mtani anaweza kukunyang'anya andazi likiwa njiani kwenda mdomoni, ukacheka. Anaweza kukuita mchoyo mbele ya wakwe zako, ukacheka. Ukifa, yeye ndiye anayevaa koti lako na kuigiza ulivyokuwa ukitembea na kukohoa, mpaka waliofiwa wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Bila mtani huwezi kuagwa sawasawa. Na sharti la utani ni moja tu: mtani hanuniwi.

"We mtu wa Bondeni," aliniambia kila asubuhi akining'iniza mkoba wake, "umeoga leo, au mto umekauka?"

"Nimeoga, mtani. Nyinyi wa Mlimani ndio mkiona maji mnaita mganga."

Hivyo ndivyo tulivyojuliana hali. Siku aliyokuja bila kunitukana nilijua mtoto wake anaumwa.

*

Basi siku moja Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akalihutubia taifa kwa njia ya redio. Idara nzima tulikusanyika, tukasimama wima, maana inasemekana redio za siku hizi zinaona.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna maneno yanazagaa mitaani kwamba watumishi wa umma watapunguzwa. Napenda kuwahakikishia, kwa kinywa changu hiki mnachokifahamu, kwamba hapunguzwi mtu! Mtumishi si chumvi, hata apunguzwe. Mtumishi ni mgeni wa heshima katika nyumba ya taifa. Na mgeni wa heshima hafukuzwi, ndugu zangu. Mgeni wa heshima anaagwa!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Bwana mmoja wa masijala alilia kwa furaha, akasema sasa anaweza kukopa kwa amani.

Wiki iliyofuata ukaja mwongozo. Kila idara, kila mwezi, ingefanya Sherehe ya Mapumziko ya Heshima. Kungekuwa na pilau, muziki, mgeni rasmi, na familia ya mwenye sherehe ingealikwa. Mwenye sherehe asingejulishwa mapema, kwa kuwa furaha inayotarajiwa ni nusu ya furaha. Mtu atakayemdokezea mwenzake atakuwa ametenda kosa la kuharibu sherehe, na adhabu yake ni kufanyiwa sherehe yeye mwenyewe. Neno "kupunguzwa" liliondolewa katika matumizi yote, ya ofisini na ya nyumbani. Hata mama ntilie wa pale langoni, mteja alipomwomba apunguze pilipili, alitazama nyuma kwanza.

Mkurugenzi wetu, Daktari Lutengano, alitusomea mwongozo huo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ndoa. "Kwa hiyo," alimalizia, "hakuna sababu ya hofu. Kila mmoja wenu ataipata furaha hii kwa zamu yake."

*

Nchi yetu haina sherehe isiyo na sare. Harusi ina sare, maulidi yana sare, hata msiba wa mtu mwenye uwezo una sare. Watu wote hushona kitenge cha aina moja, isipokuwa mwenye sherehe, ambaye huvaa nguo yake tofauti ili wageni wajue zawadi zipelekwe kwa nani. Kamati ya Mapumziko ilikaa vikao vingi, milango ikiwa imefungwa, wakatunga siri kubwa isiyoweza kupenya popote. Halafu wakamtuma fundi cherehani aje kutupima.

Fundi Mselem alikuja na baiskeli yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akapita meza kwa meza. Alimpima kila mtu isipokuwa mzee mmoja wa dirisha la mapokezi. Tulimshangaa huyo mzee kwa bahati mbaya yake ya kusahauliwa na fundi. Mwisho wa mwezi tukamshangaa tena, akiwa amekaa mbele yetu na shati lake jeupe, huku sisi sote tumevaa kitenge cha bluu chenye picha za mabata, tukimpigia vigelegele.

Kuanzia hapo hatukuhitaji mwongozo mwingine. Kengele ya baiskeli ikisikika uani, idara nzima ilinyamaza. Watu walisimama kando ya meza zao, mikono wameinyoosha, wamevuta tumbo ndani, kama waliokuwa wakisubiri chanjo. Waliopimwa walirudi kukaa wakishukuru. Wapo walionenepa kwa makusudi ili fundi alazimike kurudi kuwapima upya. Dada mmoja wa dawati la malalamiko ya maji alipimwa kiuno mara mbili katika ziara moja, akatembea wiki nzima kwa maringo ya bibi harusi.

Salamu nazo zikabadilika. Zamani tuliulizana habari za nyumbani. Sasa ilikuwa, "Umepimwa?" nawe unajibu, "Nimepimwa, namshukuru Mungu. Wewe je?" Mke wangu, Mama Shamte, alianza kuniuliza hivyo kabla sijavua viatu. Nikisema nimepimwa, aliniwekea chakula. Nikisema bado, aliniwekea pia, lakini alikaa akinitazama ninavyokula, na tonge likawa gumu.

Fundi Mselem, ambaye zamani alinywa chai kwa mkopo, sasa alipishwa njiani. Wakuu wa vitengo walimshikia baiskeli. Yeye mwenyewe hakujua sababu. Alidhani watu wa mjini wamepata adabu.

*

Serikali yetu inatupenda, kwa hiyo ilipoona hatulali ikatuandalia Semina ya Kukabiliana na Hofu. Tuliletewa mtaalamu mwembamba mwenye tai ndefu. Alituketisha kwa duara, akazima feni ili tujisikilize.

"Fumbeni macho," alisema. "Hofu iko wapi? Hofu iko kichwani tu. Vuta pumzi. Ishikilie. Sasa iachie taratibu, kama utakavyoiachia nafasi yako kwa kizazi kijacho."

Tukaiachia. Bwana wa masijala alikataa kuiachia yake mpaka akabadilika rangi, ikabidi apigwe mgongoni.

"Tazameni mabadiliko kama mlango," mtaalamu aliendelea. "Mlango mmoja ukifungwa, maana yake nini?"

"Maana yake uko nje," alisema Bi Mwantumu.

Mtaalamu alicheka sana, akaandika jibu hilo. Wakati wa chakula cha mchana alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama idara yetu ina nafasi yoyote, hata ya kufagia.

Jioni ile, watu walipokuwa wakifunga madirisha, Bi Mwantumu alikuja kwenye meza yangu na kikombe cha chai. Hakukaa juu ya mafaili yangu kama kawaida yake. Alivuta kiti.

"Mtani, leo tuache utani kidogo."

Nikajua mambo ni mazito. Tangu tufahamiane hatukuwahi kuuacha.

"Mimi ni mjane," alisema, "unalijua hilo. Wanangu wanakula kwa meza ile pale. Wakiniaga ghafla mbele ya watu, na pilau ikiwa kwenye sahani, mimi nitakufa kifo cha aibu. Bora nijue usiku mmoja kabla. Nitajua la kuwaambia watoto. Ukisikia ni mimi, niambie."

"Na ukisikia ni mimi?"

"Nitakwambia. Naapa. Sherehe yao iharibike tu."

Tuligawana andazi moja, tukalichovya katika kikombe kile kimoja. Kwetu Bondeni hicho ni kiapo, na kwao Mlimani vilevile; ni katika mambo machache tunayokubaliana. Kwa kuwa tulikuwa tumeshaacha utani, maneno mengine yakafuata. Nilimwambia kwamba mgongo wangu haufai tena, kwamba malalamiko ya rafu ya juu nayapandisha kwa kung'ata meno, na kwamba hata mke wangu sijamwambia. Yeye akaniambia habari za macho yake. Kila alipoomba nimsomee barua akisema amesahau miwani nyumbani, hakuwa na miwani. Herufi zilikuwa zimeanza kumtoroka, naye hakuthubutu kuvaa miwani kazini, wasije wakasema amechoka.

"Mgongo wangu na macho yako," nilimwambia. "Tukiunganishwa tunapata mtumishi mmoja mzima."

"Mtumishi huyo atanuka samaki nusu, ile ya Bondeni," alisema, na tukarudi kwenye utani wetu kwa furaha. Nilikwenda nyumbani nimetulia kuliko siku zote za semina.

*

Mwezi ule fundi alikuja siku ambayo mimi nilikuwa nimetumwa wizarani. Niliporudi nilikuta idara imechangamka. Nikamkimbilia mtani wangu.

"Umepimwa?"

"Nimepimwa," alisema. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza.

"Na mimi je?"

"Wewe kesho. Kitambaa kimepungua, kinaletwa kesho."

Nikashukuru. Nilimwamini kama ninavyoamini kwamba chai ina sukari nikishaiona imekorogwa. Nilimwambia Mama Shamte fundi anakuja kesho, akaniwekea chakula. Kesho yake fundi hakuja. Nikasema baiskeli imepata pancha. Siku iliyofuata hakuja pia. Nikasema kitambaa, si unajua bandarini kulivyo.

Wakati huohuo, mambo yangu yalianza kuninyookea. Bwana wa masijala, ambaye hakuwahi kunisogezea hata kalamu, alininunulia chai. Dada wa malalamiko ya maji aliniambia nina tabasamu zuri. Daktari Lutengano, ambaye kwa miaka yote aliniita "wewe wa rafu", alinikuta ngazini akaniita kwa jina la baba yangu. Nilifurahi kwamba hatimaye bidii yangu imeonekana. Nilianza hata kujiuliza kama kuna cheo kinakuja. Bi Mwantumu peke yake ndiye aliyekuwa kimya. Asubuhi nzima hakunitukana, nikadhani mtoto anaumwa, nikampelekea machungwa.

Aliyapokea. Alisema ahsante.

*

Siku ya sherehe nilivaa shati langu la mistari, kwa kuwa kitambaa kilikuwa bado hakijaletwa. Nilipoingia ukumbini niliona kijani. Kulikuwa na kijani kila kiti, kijani chenye picha za mananasi, mgeni rasmi amevaa mananasi, wapiga ngoma wamevaa mananasi. Pale mbele, kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, nilimwona Mama Shamte. Walikuwa wamemfuata na gari. Alikuwa amesuka nywele upya na kupaka hina. Aliponiona alisimama, akanipungia kwa mikono yote miwili. Walikuwa wamemwambia mumewe anapewa heshima, naye alidhani nimepandishwa cheo.

Muziki ukapigwa. Nikaongozwa mbele.

Daktari Lutengano alishika kipaza sauti. "Mheshimiwa mgeni rasmi, mabibi na mabwana. Wako watu wanaotusingizia kwamba Kamati huteua. Kamati haiteui! Kamati yetu ni sikivu. Kila mwezi tunamwita mtumishi mmoja mmoja, tunamuuliza kwa upendo: ni nani miongoni mwenu aliyechoka? Anayetangulia kujibu hutangulia kupimwa. Ndugu Chaurembo, huu si uamuzi wetu. Hili ni ombi la mtu akupendaye, aliyeshindwa kuvumilia kukuona ukiteseka na mgongo wako."

Watu wakasema, "Oooh."

Mgongo wangu. Nilisimama pale nikitabasamu, kwa sababu mpiga picha alikuwa ameniinulia kidole. Mama Shamte alikuwa ameacha kupunga. Alikuwa ananitazama mgongo, kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akanitazama usoni kuuliza ni mgongo gani huo na kwa nini yeye haujui.

"Na sasa, kwa mujibu wa mila zetu," alisema Mkurugenzi, "namwita mtani wake atuagie!"

Bi Mwantumu alitoka katikati ya mananasi. Kuna mtu alikuwa ameleta koti langu kutoka ofisini, lile ninaloliacha kwenye kiti. Akalivaa. Akainama. Akaweka mkono kiunoni, akang'ata meno, akaanza kupandisha faili ambalo halikuwepo katika rafu ambayo haikuwepo, akiguna kila hatua. Alinipatia kabisa. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mgeni rasmi alijifuta machozi kwa leso. Akapandisha faili la pili, la tatu, akishikilia mgongo, na kila alipoguna wapiga ngoma walimpigia.

Iliniuma. Sitaki kuizungusha, iliniuma. Maneno niliyompa juu ya kikombe kimoja alikuwa ameyapeleka kwa Kamati, akapimwa kwanza. Laiti angekuwa mtu mwingine yeyote ningemtupia kiti. Lakini mtani hanuniwi. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, na Mama Shamte, ambaye ni mwanamke wa adabu, alipoona nacheka naye akajaribu.

Mwishoni alinipa zawadi ya idara. Ulikuwa mto wa kuegemeza mgongo, wameushona kwa kitenge cha mananasi. Nilipoushika nikakielewa. Kilikuwa kipande changu, kile kilichopungua.

"Mtani," alininong'oneza akinikumbatia kwa ajili ya picha, "wanangu."

Pilau ilikuwa nzuri, nasikia.

*

Msidhani Serikali ilinitupa. Hapana. Waliokwisha kupumzishwa wamejengewa Soko la Ajira, lenye paa la bati na vizimba safi. Asubuhi unaingia, unakaa katika kizimba chako, unauweka ujuzi wako mbele, unasubiri mnunuzi. Niliweka mto wangu wa mananasi nyuma, nikakaa wima.

Mnunuzi mmoja alikuja. Alisimama kwanza kwa kijana wa kizimba cha jirani, aliyekuwa bado na kofia ya mahafali.

"Una uzoefu?"

"Bado, mzee. Ndiyo kwanza nimemaliza chuo."

"Tunataka mwenye uzoefu." Akasogea kwangu. "Wewe unao?"

"Tele, bwana."

"Basi utakuwa umechoka," alisema, akanunua soda, akaenda zake.

Jioni redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Mlezi wa Taifa amefurahishwa na maendeleo ya soko hilo. Limefurika, alisema, na soko lililofurika ni dalili ya uchumi ulionona. Walioajiriwa pale walikuwa wale wanaotuhesabu. Katika kizimba cha mbele yangu alikaa mtu mwembamba mwenye tai ndefu. Nilimtambua, naye akanitambua, akainamisha kichwa.

"Vuta pumzi," nilimwambia.

"Nimevuta sana, ndugu yangu," alisema. "Nina njaa."

Nyumbani Mama Shamte hakuniuliza tena kama nimepimwa. Alikanda mgongo wangu kwa mafuta ya nazi, akibonyeza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Siku moja tu alisema, "Umemwambia mtani, mimi hukuniambia," kisha akaendelea kukanda. Hilo nalo liliongezwa kwenye hesabu ya Bi Mwantumu.

*

Nilikuwa nimeanza kuzoea kizimba nilipomwona Daktari Lutengano akija katikati ya safu, na nyuma yake Fundi Mselem akisukuma baiskeli.

"Ndugu Chaurembo! Umenawiri! Hewa ya soko imekupenda." Alitazama huku na huku. "Nchi inakuhitaji."

"Nipo, mheshimiwa."

"Kuna kazi. Ya muda, lakini muda wenyewe haujulikani, na hiyo ni habari njema. Meza yako ileile. Utaanza kwa kumuaga mtumishi mmoja. Tumepata tatizo dogo la kimila. Watu wa Bondeni wote tumeshawapumzisha, na mwezi huu, keshokutwa, anayeagwa ni mtu wa Mlimani. Bila mtani hapana maagano, bila maagano hapana mapumziko, na mapumziko ya mwezi yasipofanyika, mimi..." Alimtazama Fundi Mselem kwa jicho la kuomba.

"Anaagwa nani?" niliuliza, ingawa katika idara ile mtu wa Mlimani alibaki mmoja.

"Mtani wako. Safari hii hata hatukuuliza vizuri, walisukumana mlangoni kumtaja. Wanasema aliyemtaja mtani wake hashindwi kumtaja yeyote." Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu asiyehusika. "Sasa, cha kuigiza tu. Alishawahi kukulalamikia nini?"

Nilidhani siku kama ile ikija nitafurahi. Nilifurahi kweli, kwa kadiri ya kumeza mate. Kisha nikakumbuka andazi moja na kikombe kimoja. Nikakumbuka na koti langu mgongoni mwake, na hina ya Mama Shamte.

"Macho," nikasema.

"Safi sana! Watacheka!"

Fundi Mselem aliegemeza baiskeli kwenye kizimba, akaitoa futi shingoni. Alikuwa na uso wa upole yule mtu. Bado hakuwa amejua.

"Nyoosha mikono, mzee Chaurembo," alisema. "Umekonda kidogo."

Nikainyoosha. Kule mbele, mwenye tai ndefu alisimama katika kizimba chake na yeye akainyoosha mikono yake, bila kuambiwa na mtu.

*

Asubuhi iliyofuata niliingia idarani. Malalamiko yalikuwa na vumbi. Bi Mwantumu alikuwa amekaa mezani kwake, karatasi ameisogeza karibu na pua, na pembeni yake kikombe cha chai ambacho naona alikuwa ameletewa. Bwana wa masijala alikuwa amesimama hapo akimwambia kwamba ana tabasamu zuri.

Aliponiona aliinuka, karatasi ikaanguka. Kwa muda hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mtani," alisema. "Umerudi. Umeoga?"

"Nimeoga."

"Wamekurudisha kweli? Umepimwa?"

"Nimepimwa."

Alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli. Alifurahi kwa ajili yangu, au kwa ajili ya dhambi yake kupata nafuu, sijui. Halafu akashusha sauti. "Sikulala, mtani, tangu siku ile. Usingizi umenikataa. Na juzi fundi alikuja, wenzangu wote wamepimwa, mimi nilikuwa nimepeleka mafaili wizarani." Alisubiri nimkatize. "Na mimi je?"

Nilikuwa nimepanga kumnyamazia. Nilikuwa nimepanga pia kumwambia yote, nimwone anavyoanguka. Nilimtazama, macho yale yakinitafuta usoni yasinipate vizuri, na maneno yaliyotoka mdomoni mwangu hayakuwa yangu.

"Wewe kesho," nilisema. "Kitambaa kimepungua, kinaletwa kesho."

Aliendelea kutabasamu kidogo, kisha maneno yakamfikia. Yalikuwa yake, aliyafahamu neno kwa neno, na alifahamu yalikuwa na maana gani siku aliyoyasema. Hivyo ndivyo nilivyotimiza kiapo chetu, usiku mmoja kabla, kama alivyotaka. Bwana wa masijala hakusikia lolote la kuharibu sherehe.

Alishika ukingo wa meza, akakaa polepole. Aliitafuta ile karatasi sakafuni kwa kupapasa, na ilikuwa miguuni pake. Niliinama nikaiokota, mgongo ukalia, nikampa.

"Basi, mtani," alisema, "uniigize vizuri. Wanangu watakuwepo."